Tela la kulala, springi ngumu na rejeta iliyojaa wadudu

Nimekuwa nikivuta tela la kulala kwa miaka mitatu sasa, kwa sababu kazi yangu ya kupima mashamba hunipeleka katika vijiji visivyo na nyumba ya wageni, na mtu akishalala mara mbili katika darasa lenye popo huanza kukiheshimu kitanda chake mwenyewe. Tela hilo nililinunua likiwa limechoka. Lina vitanda viwili, jiko la gesi, tangi la maji la lita 90 na kabati kubwa la vifaa upande wa mbele. Gari linalolivuta ni Hilux ya milango minne, yenye injini ya dizeli ya lita 3.0 ya taabo na giaboksi ya otomatiki. Kwa mujibu wa kitabu chake, tela la ukubwa huo si mzigo wa kulitoa jasho, lakini mwaka wa kwanza lilinitoa jasho mimi.

Anayeijua barabara ya Mwanza kwenda Musoma anajua kwamba kuanzia Kisesa hadi Bunda hakuna kijiji kisichokuwa na matuta au rasta. Kila nilipovuka tuta, sehemu ya nyuma ya pikapu ilizama, ikainuka, ikazama tena, huku pua ikifanya kinyume chake, mfano wa mtumbwi unaosukumwa na mawimbi yanayotoka nyuma. Usukani ulikuwa mwepesi kuliko kawaida. Usiku madereva wa malori walinimulika kwa hasira, wakidhani nimewasha taa kubwa, kumbe taa zilikuwa ndogo ila boneti ilikuwa inatazama mbinguni.

Nilikimbilia gereji ya springi, nikaongezewa majani mawili, yaani vipande vya chuma vya springi, kila upande. Nyuma ikainuka, nikalipa, nikaondoka nikiwa nimeridhika kwa takriban kilomita 20. Gari likiwa tupu lilirukaruka kama mbuzi, na kwenye barabara ya changarawe tairi za nyuma zilikuwa zinateleza kwenye kona kwa sababu hazikukaa chini muda wa kutosha kushika ardhi. Nilipofunga tela, kule kuzama na kuinuka kulipungua kimo lakini hakukuisha. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba jani la springi hubeba uzito, wala halitulizi mtikisiko; anayetuliza ni shokapu, na shokapu zangu za nyuma zilikuwa zimekwisha muda mrefu. Kwa kuongeza majani nilikuwa nimezipa kazi kubwa zaidi shokapu ambazo hata kazi ndogo zilikuwa zimeishindwa.

Jambo ambalo ningelifanya kabla ya yote lilinigharimu soda mbili. Rafiki yangu anayeuza dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, ana mizani ya kupimia magunia, ile ya kukanyaga yenye sahani ya chuma. Alinikopesha Jumapili moja. Nililiweka tela kwenye sakafu iliyo sawa, likiwa na kila kitu ninachosafiri nacho, kisha nikaushusha mkono wake wa mbele juu ya mizani kupitia kipande cha nguzo kilichokatwa ili tela libaki limelala sawasawa, kwa maana likiinama mbele au nyuma kipimo hudanganya. Mizani ilisoma kilo 190. Siku chache baadaye nililipitisha tela zima kwenye mizani ya magari ya kiwanda kimoja cha kuchambua pamba, likapatikana na kilo 1,380.

Inashauriwa mkono wa tela la namna hii uelemee gari kwa kiasi cha asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela, mradi usizidi kiwango kilichoandikwa kwenye chuma cha kuvutia. Ukiwa mwepesi mno tela huanza kuyumba kushoto na kulia, na kuyumba huko ndiko kunakoangusha magari. Ukiwa mzito mno, hujitokeza ule ugonjwa wangu wa taa. Hesabu yake si ngumu. Mpira wa kufungia tela uko mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma, na umbali kati ya ekseli zangu mbili ni mita 3.085. Kilo 190 zikikandamiza pale nyuma, ekseli ya nyuma inakuwa kama kigingi cha wenzo na ya mbele inanyanyuliwa: 190 mara 1.2, gawanya kwa 3.085, ni takriban kilo 74 zinazoondoka kwenye tairi za mbele. Ekseli ya nyuma, kwa upande wake, haipokei 190 bali 264. Juu ya hizo ongeza nguzo za zege za mipaka ambazo nilikuwa nikizipanga karibu kabisa na mlango wa nyuma wa bodi, kwa sababu huko ni rahisi kuzishusha.

Nililitoa jenereta kwenye kabati la mbele la tela nikaliweka sakafuni juu ya ekseli, nikahamishia nguzo karibu na kabini, na mizani ikashuka hadi kilo 140. Kisha nilimrudia fundi wa springi, mzee mmoja wa Nyakato anayeniita "mwalimu" ingawa sijawahi kushika chaki, nikamwomba aondoe jani moja kati ya mawili kila upande. Alinitazama kwa muda. "Mwalimu, mwezi wa nne uliniambia hayatoshi." Nilikiri. Aliniwekea bushi mpya za springi, na nikanunua shokapu nne mpya, si mbili, kwa kuwa za mbele nazo zilikuwa zinavuja mafuta. Tairi za nyuma, ambazo nilikuwa nikizijaza upepo kwa kuzipiga teke na kukisia, sasa nazijaza kwa kipimo kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva kwa ajili ya mzigo, asubuhi, zikiwa bado baridi. Sehemu kubwa ya kule kuyumba niliyokuwa nikiisingizia springi ilikuwa ni kuta za tairi zikijikunja.

Wapo wanaopendekeza mifuko ya hewa inayowekwa kati ya ekseli na chasisi, ambayo mtu huijaza akivuta na kuipunguza gari likiwa tupu. Ni kitu kizuri kwa mwenye mzigo unaobadilika, lakini huielemeza nguvu yote kwenye nukta moja ya chasisi badala ya mbili ambazo springi imefungwa, na zipo pikapu zilizopinda mgongo nyuma ya kabini kwa kuijaza sana huku mzigo ukining'inia nyuma. Mimi nimeiacha. Wala mfuko wa hewa, wala jani la ziada, haviongezi hata kilo moja kwenye uzito ambao gari limeruhusiwa kubeba. Hubadilisha tu namna linavyosimama.

Joto lilikuwa hadithi nyingine. Jioni moja, kwenye njia ya mchanga inayotoka Lamadi kushuka kuelekea Ghuba ya Speke, gari likitembea mwendo wa mtu anayekimbia na upepo ukitoka nyuma, mshale wa joto ambao siku zote hukaa katikati ulipanda ghafla. Nilizima kiyoyozi, nikafungua hita hadi mwisho ili ivute joto la injini, nikasimama nikiwa nimeloa kama niliyetoka ziwani. Mshale wa dashibodi umetengenezwa utulie: huganda katikati kwa nyuzi nyingi za joto, na unaposogea mambo huwa yamekwisha haribika. Tangu siku hiyo nachomeka kifaa kidogo kwenye soketi ya kompyuta ya gari na kusoma namba zenyewe kwenye simu.

Nilichokuta nilipolifungua gari kilinifundisha zaidi ya kitabu. Kwanza, kati ya kondensa, ambayo hupoza gesi ya kiyoyozi, na rejeta, ambayo hupoza maji ya injini, kulikuwa na blanketi. Wanaoishi kando ya ziwa wanawajua wale wadudu wadogo wanaoinuka juu ya maji kwa mamilioni, ukiwatazama kwa mbali utadhani moshi. Gari likipita ndani yao mara kadhaa, wakachanganyika na vumbi na nyuzi za pamba za msimu wa mavuno, huwa wanaganda kama udongo wa kufinyangia. Kwa mbele rejeta ilionekana safi, kwa sababu uchafu ulikuwa umejificha nyuma ya kondensa. Ilibidi vitenganishwe, vioshwe kwa maji ya nguvu ndogo kutoka upande wa injini kwenda mbele, kwani maji ya kasi hulaza mapezi yake, vile vibati vyembamba vya kupitishia hewa.

Pili, kava linaloizunguka feni halikuwapo. Fundi fulani huko nyuma alilitoa apate nafasi ya mkono, akaona kulirudisha ni kazi ya ziada. Bila kava feni haivuti hewa kupitia rejeta nzima. Huizungusha tu ile ile hewa ya moto iliyoko kwenye injini. Kwenye lami, kwa kilomita 80 kwa saa, mtu hagundui, kwa sababu mwendo wenyewe unasukuma hewa. Mchangani ndipo feni inapotakiwa.

Tatu, thamostati, kile kidude kinachofungua na kufunga njia ya maji kulingana na joto, nayo ilikuwa imetolewa, kwa ile imani ya gereji zetu kwamba bila kizuizi maji yatapita vizuri zaidi. Katika injini zenye thamostati ya sahani mbili, kama hii, sahani moja hufungua njia ya kwenda kwenye rejeta na nyingine huifunga njia ya mkato inayoyarudisha maji ya moto moja kwa moja kwenye injini. Ukiitoa, njia ya mkato hubaki wazi daima, na sehemu ya maji haifiki kabisa kwenye rejeta. Gari huwa baridi kupita kiasi asubuhi na moto kupita kiasi mlimani.

Mfuniko wa rejeta nao nilibadilisha. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji ya sufuria huchemka yakifika nyuzi 96 hivi. Mfuniko mzima hushikilia shinikizo na kuyafanya maji yavumilie hadi karibu nyuzi 120. Mpira wake ukichoka, injini ya kawaida inayofanya kazi kwenye nyuzi 90 inakuwa hatua chache tu kutoka kuchemka. Badala ya maji ya kisima sasa naweka kulanti, dawa ya kupozea injini, nusu kwa nusu na maji safi.

Kilichobaki kilikuwa giaboksi. Otomatiki inapovuta taratibu, mafuta yake huchapwa ndani ya konveta, inayopitisha nguvu ya injini kwa msukumo wa mafuta, na kupata moto mkali, na katika gari langu hupozwa ndani ya tangi la rejeta ile ile, yaani joto lake humwagiwa kwenye maji ambayo tayari yanahangaika. Mafuta yaliyotoka yalikuwa ya kahawia na yenye harufu ya kuungua, wakati mapya ni mekundu. Niliweka kipoza cha ziada mbele ya kondensa, upande ambao hauzibi feni, mafuta yakipita kwanza kwenye rejeta kisha humo kabla ya kurudi. Mchangani natumia gia ya chini mwenyewe badala ya kuiacha otomatiki ihangaike kupanda na kushuka.

Mwezi uliopita nilivuka Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi na tela lile lile, kwenda Sengerema. Nikikumbuka namna mkono wa tela ulivyokuwa ukikwaruza mlango wa kivuko, zile kilomita tatu zilipita kama usingizi. Kwenye mwinuko wa ng'ambo simu ilisoma nyuzi 94, ikapanda hadi 97, ikarudi. Hakuna lori lililonimulika. Breki za tela bado zinavuta upande wa kushoto, na fundi wa Nyakato amenipa miadi ya Jumamosi.