Kampala na Mtoto wa Kaka: Nilivyosafiri Bila Kukwaruzana na Sheria

Dada yangu ameolewa Kampala. Kabla hatujakata tiketi Bukoba nilimpigia simu nikamuuliza swali moja: huko kwenu siku hizi wanakamata watu kwa nini hasa? Akacheka, kisha akauliza kama Hamisi anakuja na zile kofia zake.

Hamisi ni mtoto wa kaka yangu, kijana anayependa kuvaa. Kwenye begi lake nikakuta kaptula ya mabakamabaka na bereti nyekundu ya mtumba. Kaptula aliitoa bila ubishi, maana hata kwetu nguo za kijeshi zinakuponza. Bereti ndiyo ilileta mjadala. "Shangazi, hii si fasheni tu?" Nikamwambia kwetu ni fasheni, kwao ni siasa: wafuasi wa Bobi Wine, mwanamuziki aliyegeuka mwanasiasa wa upinzani, waliifanya alama yao, na Septemba 2019 ikatangazwa kwenye Gazeti la Serikali kuwa vazi la jeshi. Raia akikutwa nayo anaweza kushtakiwa. Bereti ikabaki kabatini.

Pale Mutukula, mpakani mwa Tanzania na Uganda, mambo ni rahisi ukiwa mtulivu. Ukielekea Uganda, maofisa wa nchi zote mbili unawakuta upande wa Uganda. Unagongewa muhuri wa kutoka Tanzania, kisha wa kuingia Uganda. Kwa haraka ya basi, mtu anaweza kupitia dirisha moja akadhani kamaliza, na vishoka wapo tayari kukuambia "twende, imeisha hiyo". Nilisimama na Hamisi mpaka pasi yake ikapata mihuri yote miwili, nikasoma na muda tuliopewa. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki inamruhusu mwana Afrika Mashariki kutembelea nchi mwenzake hadi miezi 6, lakini mimi nafuata alichoandika ofisa. Kadi yangu ya homa ya manjano ni ya zamani sana, na haikunipa shida. Tangu 2016 chanjo moja inahesabika ya maisha.

Kazi ngumu ilikuwa kwa shemeji. Ana duka Kikuubo, mtaa wa biashara katikati ya Kampala, na alishapanga Hamisi amsaidie kuuza, ampe chochote. Alivyoliona yeye, ni kijana wa nyumbani anamshika mjomba mkono. Ila muhuri wa matembezi si kibali cha kazi, na ofisa wa uhamiaji akiingia dukani hatauliza undugu. Nilimweleza taratibu, baada ya chakula, dada akiwepo. Alinuna kidogo. Afadhali shemeji anune kuliko mtoto wa watu kulala mahabusu, nami nikajibu nini kwa kaka yangu?

Tulipokwenda Jinja nilimwonya Hamisi mapema kuhusu Nalubaale, bwawa la umeme kwenye Mto Nile. Barabara ya zamani inapita juu yake, askari wanalilinda, na kupiga picha hairuhusiwi. Simu ikakaa mfukoni mpaka tulipofika bustani ya chanzo cha Nile, mahali pa watalii, akapiga mpaka chaji ikaisha. Jioni vijana wa mtaani wakamwalika shisha. Sheria ya tumbaku ya 2015 imeipiga marufuku nchi nzima, hata kama baa fulani wanaitoa kwa kificho. Akaagiza soda.

Jambo moja lilinifurahisha. Kampala Kiswahili changu hakinifikishi mbali sokoni, ila kwa askari kinafungua mlango, kwa sababu jeshini na polisi wamekizoea miaka mingi. Kila nilipokuwa na shaka, niliamkia na kumuuliza askari mwenyewe: "Afande, hapa panaruhusiwa?" Hakuna aliyenikaripia.

Siku ya kurudi sheria ikawa ya kwetu. Karanga na senene za dada zilikuwa zimefungwa kwenye kavera, yaani mfuko wa plastiki, na Tanzania mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019. Tulizimiminia kwenye kikapu kabla ya kupanda basi, Hamisi akitafuna senene njia nzima.