Punje Ipigwe, Punje Isipigwe

Mwaka 2017 nilikuwa fundi msaidizi katika karakana moja ya mjini Iringa iliyokuwa ikitengeneza mashine za kupukuchua mahindi, na msimu ule wa mavuno tulirudishiwa mashine nyingi kwa lalamiko lile lile: zinavunja punje. Wakulima walikuwa na haki ya kukasirika. Mwaka uliotangulia watu walikuwa wamepoteza maisha kwa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na tangu hapo wanunuzi walikuwa wakichoma bambo katika gunia, wakimwaga mahindi kiganjani na kuzitenga zilizopasuka, kwa sababu punje iliyopasuka ganda ndiyo mlango wa kuvu. Kiwango cha Afrika Mashariki hakiruhusu punje zilizovunjika kuzidi asilimia 2 kwa mahindi ya daraja la kwanza, na mahindi yaliyotoka kwenye mashine zetu yalikuwa mbali na hapo.

Fundi mkuu, ambaye sote tulimwita Mzee, alikuwa amehangaika sana na puli. Alipofunga puli kubwa kwenye shafti, ngoma, yaani silinda yenye meno inayopukuchua mahindi, ilipunguza mwendo na punje zikatoka salama, lakini magunzi nayo yalitoka yakiwa bado yameshika mahindi na kazi ikawa ya kusuasua. Aliporudisha puli ndogo, magunzi yalitoka matupu na punje zikatoka zimekatika vichwa. Hatimaye alichagua puli ya katikati, ambayo ilivunja kiasi na kubakiza kiasi, na haikumridhisha mkulima wala mnunuzi.

Katika hali hiyo alitufikia mhandisi mmoja, mama wa makamo aliyekuwa akizunguka karakana ndogo kufundisha usanifu wa zana za kilimo. Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kumwomba Mzee, kwa heshima zote, asiguse spana mpaka tatizo liwe limeandikwa kwa sentensi moja. Alitueleza kwamba njia aliyoifuata ya kutatua matatizo ya uvumbuzi inaitwa TRIZ, na kwamba mwanzilishi wake ni Genrich Altshuller, mzaliwa wa Tashkent mwaka 1926, ambaye alianza kazi hiyo mwaka 1946 akiwa katika ofisi ya uvumbuzi ya jeshi la majini la Bahari ya Kaspi. Altshuller alipekua hati za uvumbuzi kwa maelfu akitafuta mambo yanayojirudia, akafungwa katika kambi ya Vorkuta enzi za Stalin, akaachiwa, na mwaka 1956 akachapisha pamoja na Rafael Shapiro makala ya kwanza kuhusu fikra zake. Kutokana na kazi yake zilipatikana kanuni 40 za uvumbuzi na jedwali la sifa 39 zinazokinzana. Mimi nililitamani lile jedwali, nikidhani jibu letu limelala ndani yake, lakini mwalimu alilifunika na kusema, "Kwanza tuujue ukinzani wenyewe. Jedwali halimsaidii asiyejua anachouliza."

Basi akachukua chaki na kuandika juu ya kipande cha bati: ngoma iende kasi ili gunzi lisafike, ngoma iende polepole ili punje isivunjike. Mzee alikubali kwamba hapo ndipo alipokwama. Mwalimu akaendelea kuibana ile sentensi mpaka ikawa fupi na, kwa kweli, ya kushangaza: punje ipigwe, na punje isipigwe. Kisha akauliza swali ambalo mpaka leo ndilo ninaloliona kuwa kiini cha njia hii yote: ipigwe lini, na isipigwe lini?

Ili kulijibu, tuliwasha injini, tukalisha mahindi makavu, tukaizima ghafla mzigo ukiwa bado ndani, na kufungua kifuniko. Karibu na mdomo wa kuingizia, punje zilizokuwa zimeshaachana na gunzi na kulala juu ya bati la matundu, yaani chujio lililo chini ya ngoma, zilikuwa nzima, ganda likiwaka kwa wekundu wa kahawia kwenye ncha. Katikati ya ngoma nyingi zilikuwa na nyufa. Upande wa kutokea magunzi zilikuwa vipande, na kingo za matundu zimepakwa unga mweupe. Mzee alipitisha kidole kwenye ule unga, akakaa kimya kidogo, akasema, "Kumbe hazivunjiki zikibanduliwa. Zinavunjika zikishabanduka."

Kauli hiyo ilihamisha tatizo lote kutoka kwenye puli. Kipigo cha kwanza kilikuwa cha lazima na hakikudhuru. Vilivyodhuru ni vile vilivyofuata, kwa kuwa matundu ya bati yalikuwa madogo na yanalingana kutoka mwanzo hadi mwisho, ilhali punje nyingi zaidi hubanduka mwanzoni, hivyo zikakosa pa kupita na kusukumwa mbele chini ya meno ya ngoma. Hapo ndipo mwalimu alipoifungua orodha ya kanuni na kutuonyesha ya 3, inayotaka kila sehemu ya kifaa ipewe sifa inayofaa kazi ya mahali pale. Tulikata theluthi ya kwanza ya lile bati, tukachomelea mahali pake nondo nyembamba zenye nafasi ya kupitisha punje kubwa bila kupitisha gunzi, na puli ndogo ikarudi mahali pake.

Ngoma ilizunguka kwa kasi ile ile ya zamani, magunzi yakatoka matupu, na katika mahindi tuliyochota chini ya chujio ilibidi kutafuta punje iliyovunjika. Vilianguka pia vipande vya gunzi na maganda zaidi ya awali, na feni ya kupeperusha makapi ikalemewa. Mzee alikuwa ameshaandika sentensi ya pili chini ya ile ya kwanza, upepo uwe mkali na upepo uwe mpole, na tulipofikia kutandaza mahindi yaanguke kwa tabaka jembamba mbele ya feni, hakuna aliyegusa puli wala kutafuta kipimo cha katikati. Wiki zilizofuata tulianza kupeleka machujio mapya kwa wateja wa Kilolo na Mufindi waliokuwa wamerudisha mashine, na tuliwatoza bei ya nondo tu.