Presha ya Mama ilipanda namba ya juu peke yake, wakasema ni uzee

Miaka kadhaa Mama alikuwa akipimwa na kurudishwa nyumbani. Kipimo kinasoma 168 kwa 74, mpimaji anaitazama ile 74 na kumwambia, "Bibi, ya chini iko vizuri, hiyo ya juu ni uzee tu." Kwenye kituo kimoja cha afya walilisema hilo mbele yangu. Linaniuma mpaka leo, maana kwa mzee namba ya juu ndiyo ya kuogopa. Mwaka 1991 yalitoka Marekani matokeo ya utafiti juu ya watu wa miaka 60 na zaidi wenye presha kama hiyo hiyo, ya juu kuanzia 160 na ya chini haifiki 90. Waliopewa dawa walipata kiharusi pungufu kwa zaidi ya theluthi kuliko wasiopewa.

Tulipopata daktari aliyeelewa, Mama akaandikiwa dawa ya presha, amlodipini, kidonge kimoja kwa siku. Akakiacha juu ya kabati. Shangazi alikuwa amemwambia kwamba mishipa huharibika kwa wanene wanaokula kitimoto, na yeye mwembamba, kila siku anapandisha mlima wa Kibosho na mzigo wa majani ya ng'ombe. Anywe tu maji ya kitunguu saumu na ndimu. Akayanywa kwa bidii. Namba haikusogea, na Mama akaamua mashine yangu ni mbovu, mashine niliyoinunua mjini kwa elfu themanini hivi.

Maneno yaliposhindikana, nikaenda bombani. Nilikata tyubu ya baiskeli, mwisho wake nikafunga kwa mpira ganda la kalamu lililo wazi pande zote, upande mwingine nikauvisha kwenye bomba. Pembeni nikaweka kipande cha mpira wa maji wa zamani uliokakamaa kwa jua, nao nikaufunga ganda la kalamu. Nikamkalisha Mama kwenye kigoda. Kwenye tyubu, nikifungua bomba inavimba. Nikifunga, inanywea taratibu na maji yanaendelea kutoka. Kwenye mpira mgumu, nikifungua maji yanaruka kwa kishindo. Nikifunga yanakatika hapo hapo. Nikamweleza kwamba mshipa mkubwa unaotoka moyoni unatakiwa kuwa kama tyubu. Ukikakamaa, moyo ukisukuma presha inaruka juu, ukipumzika inaporomoka. Kwa hiyo ile 74 waliyoisifia, ikiwa mbali hivyo na 168, ilikuwa ni ugumu wenyewe unajionyesha. Mafuta yanayojijenga kwenye kuta za mishipa ni jambo jingine, ingawa mara nyingi huandamana na ugumu huu, na wembamba haumkingi mtu. Mama akaurudia mwenyewe ule mchezo, akafungua na kufunga, kisha akaushika mpira mgumu. "Wangu ndio huu?" Jioni ile akameza.

Miguu ilimvimba kidogo, jambo ambalo dawa hiyo hufanya kwa baadhi ya watu. Hatukuacha kienyeji, tulirudi kliniki wakampangia upya.

Chumvi tulishapunguza, inashauriwa isifike gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote. Lakini magadi ya kwenye kiburu, kile chakula cha ndizi na maharage, na kwenye maharage hakuna aliyekuwa akiyahesabu, na magadi yamejaa sodiamu, ile ile ya kwenye chumvi. Sasa maharage tunayaloweka usiku ili yaive bila magadi.

Kupima nako kuna adabu yake. Mama alikuwa akipimwa huku anahema kutoka mlimani na anasimulia habari za msibani. Siku hizi anakaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo zote chini, mkono mezani usawa wa moyo, hajanywa kahawa. Inasoma 138, mara 142. Na kwa mzee aliye kwenye dawa, mpimeni pia akiwa amesimama, kwa sababu presha ikishuka ghafla anaweza kuanguka. Mama anakaa kwanza ukingoni mwa kitanda ndipo anyanyuke.