Jinsi nilivyobadilisha sakafu ya tangi la chura wangu

Huyu chura wangu ni Pyxicephalus edulis, wale wanene wanaojifukia ardhini kiangazi wakatoka mvua zikianza, na nilimpokea akiwa na tangi limejaa kokoto ndogondogo. Hiyo ni hatari sana jamani, maana akirukia panzi anafunga mdomo na chochote kilicho hapo, kokoto inaingia tumboni, utumbo unaziba. Halafu hawezi kuchimba, na chura huyu asipochimba anateseka.

Nikatoa zote nikaweka vumbi la makumbi ya nazi, kina kama sentimita 15, yenye unyevu lakini ukikamua maji hayachuruziki. Sasa watu wa Pwani sikilizeni hapa, makumbi mengine yanalowekwa baharini ili kutoa usumba wa kusokotea kamba, yanabaki na chumvi, na chura anakunywa maji kwa ngozi, kwa hiyo chumvi, mbolea, dawa ya wadudu, vyote vinamwingia moja kwa moja. Nimesuuza kwa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, mara nyingi mpaka yakatoka safi.

Mimea nimechagua pothos, ule wa kutambaa wenye majani kama moyo, unavumilia kivuli. Nikaosha majani, nikatoa udongo wote wa kitaluni kwenye mizizi maana una mbolea na vile vichembe vyeupe vinavyomezeka kama kokoto, na mmea wenyewe nikauacha nje wiki kadhaa kwanza. Nimeupanda kwenye chungu kizito, la sivyo anaung'oa usiku huohuo.

Siku hizi namlishia kwenye kisahani, anashinda amejifukia, macho tu ndo yanaonekana.