Utingo wa gari langu mwenyewe

Miaka 18 nimeshika usukani, na aliyekuja kuniangusha ni simtanki. Kwetu Kizota maji yana siku zake, na yakiamua kuja usiku hayamsubiri mtu aamke. Ilikuwa mwishoni mwa Julai, msimu ule wa upepo wa Dodoma ambao mabati yanalia usiku kucha. Nikapanda ngazi ya mbao na tochi ya simu kuangalia kama tanki limejaa. Kipago cha tatu kikakatika, kisogo kikapiga ukingo wa karo la kufulia.

Sikuzimia. Au labda nilizimia kidogo. Hapo ushahidi wangu hauna nguvu. Mke wangu anasema niliinuka mwenyewe, nikakaa juu ya ndoo, nikamwuliza mara tatu kama tanki limejaa. Mimi nakumbuka kuuliza mara moja.

Asubuhi tulikwenda zahanati moja ya jirani. Wakapapasa uvimbe, hakuna pa kushona, wakanipa panado na kuniambia pole mzee, pumzika leo. Nami nikapumzika leo, kama nilivyoambiwa. Kilichokuwa kinaniwasha ni zabibu. Kirikuu yangu hubeba makreti kutoka Mpunguzi, barabara ya Iringa, kuleta soko la Majengo, na mavuno ya Agosti yalikuwa mlangoni. Zabibu zikishakatwa hazina subira, na mkulima akikosa gari lako leo, kesho ana namba ya mwingine.

Siku ya tatu nikameza panado mbili, nikawasha gari.

Anayekaa Kizota anajua jambo hili: asubuhi ukielekea mjini jua liko usoni, na jioni ukirudi liko usoni tena. Siku zote nashusha kile kibati cha juu ya kioo, maisha yanaendelea. Siku hiyo mwanga uliingia kichwani kama msumari. Nikafika kipilefti, nikageuza shingo kulia kutazama anayekuja. Shingo ilisimama lakini dunia iliendelea kuzunguka. Bajaji ilikuwa inakuja. Niliiona, na ndiyo sehemu inayonitisha hadi leo: niliiona vizuri kabisa, nikajua ni bajaji, nikamwona na mama aliyepakata ndoo ya maandazi, ila wazo la kukanyaga breki lilifika wakati bajaji imeshapita puani pangu. Dereva wake alinitukana, na alikuwa na haki. Nikasogea pembeni, nikawasha taa zote nne, jasho linanitoka na upepo ule ule wa baridi unapiga. Nikampigia simu mpwa wangu aje achukue gari.

Ndipo tukaenda hospitali kubwa. Nikalazwa kwenye kile kimashine cha duara, picha ikatoka safi: hakuna damu iliyovuja, hakuna mfupa uliopasuka. Nilishafurahi. Daktari, binti ambaye angeweza kuwa mwanangu, akanikalisha akaniambia nitaje miezi kuanzia Desemba kurudi nyuma. Desemba, Novemba, Oktoba, Agosti. Akatabasamu, akaniuliza Septemba nimempeleka wapi. Akaniambia nifuate kidole chake kwa macho bila kugeuza kichwa. Baada ya mizunguko michache nikashika ukingo wa meza. Akanisimamisha mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole, nikayumba kama mlevi wa saa nne asubuhi.

Akasema ni mtikisiko wa ubongo. Picha inaonyesha kilichovunjika na kinachovuja, haionyeshi kilichotikisika. Nilimwelewa haraka kuliko alivyotegemea, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu. Kreti linaweza kufika Majengo halina hata msumari uliochomoka, ukifunua, zabibu za katikati zimeshachubuka kwa rasta za barabara.

Maelekezo yake yalikuwa hivi. Siku moja mbili nitulie, simu na televisheni kidogo sana, kisha nianze kutembea taratibu. Kujifungia chumba chenye giza wiki nzima hakusaidii. Pombe nisiguse. Usukani nisiguse mpaka anione tena. Na kama siwezi kuendesha bila kumeza panado kwanza, basi siwezi kuendesha, kwa maana dawa inazima kengele, moto inauacha palepale. Dalili za hatari hakunipa mimi, alimwandikia mke wangu kwenye karatasi: kutapika tena na tena, kichwa kuzidi kuuma, kusinzia mpaka kuamshwa ni shida, degedege, mkono au mguu kulegea, mboni moja ya jicho kuwa kubwa kuliko nyingine. Likitokea mojawapo, hospitali saa hiyo hiyo. Niliudhika kidogo kupitishwa kando. Lakini kichwa kilichogongwa hakiwezi kuwa mgonjwa na mlinzi kwa wakati mmoja.

Wengi, alisema, wanakaa sawa ndani ya wiki mbili hivi, wengine inawachukua zaidi. Nikajiweka kwenye kundi la wiki mbili bila kumwuliza mtu. Haikuwa hivyo.

Gari akachukua mpwa wangu kama deiwaka. Shemeji yangu alikuja kunitazama, akauliza, "Sasa shemeji, si wamesema picha safi?" Akaniangalia nilivyokaa na kofia kivulini kama mtu aliyejipa likizo. Sikumjibu. Mtu mwenye plasta mguuni hupewa kiti. Mwenye mtikisiko huulizwa kwa nini amekaa.

Wiki ya pili nikaanza kupanda kiti cha kushoto. Utingo wa gari langu mwenyewe, mpwa akicheka. Tukatunga mchezo: nitaje kwa sauti kila kitu kinachoweza kutuingilia kabla yeye hajaanza kupunguza mwendo. "Boda kushoto. Mbuzi. Mtoto na baiskeli. Daladala inasimama." Tarehe 8 Agosti, Nanenane, watu wakimiminika kuelekea Nzuguni, nilikuwa nachelewa karibu kila kitu. "Mjomba, yule nimeshampita," alikuwa ananiambia. Na dakika ishirini zilinichosha kama safari ya Singida kwenda na kurudi. Kijana amesoma, akanipigia hesabu: kwenye kilomita 50 kwa saa gari linakula karibu mita 14 kila sekunde. Mimi nilikuwa nachelewa sekunde nzima. Mita 14 ni urefu wa kirikuu nne.

Nyumbani nilikuwa na zoezi la hospitali. Unanyoosha mkono, unakazia macho kidole gumba, unageuza kichwa kulia na kushoto, gumba lisitoke machoni. Mwanzoni nikifika mara kumi kichefuchefu kinapanda. Watoto walinizoea, baba anasema hapana kwa kidole chake.

Jumapili ya tatu, daktari akiwa ameshaniona tena na kuniruhusu nijaribu kwa hatua, tulikwenda kiwanja cha mpira kisicho na mtu. Gia ya kwanza, ya pili, breki ya ghafla mpwa akipiga makofi. Kurudi nyuma ndiko kulikonishinda siku ile, maana shingo inageuka na macho yanapanda kioo, yanashuka, yanarudi. Wiki iliyofuata nikaendesha mtaani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, robo saa tu, mpwa pembeni, redio imezimwa. Kipilefti nilikipita na siku ile sikusikia chochote kichwani.

Nikavimba kichwa kwa namna nyingine. Kesho yake nikaenda mjini na kurudi mara mbili, mchana kweupe, honi za Majengo masikioni. Usiku kichwa kilinilaza hadi asubuhi ya pili. Daktari hakunigombeza kwenye simu, alisema tu nirudi hatua moja nyuma, nisirudi mwanzo. Kilichokuwa kinanipima si kuendesha kwenyewe, ni jioni ya siku hiyo. Jioni ikiwa nzuri, kesho naongeza kidogo. Jioni ikiwa mbaya, napunguza.

Mpunguzi nilifika mwenyewe mwanzoni mwa Septemba, gari tupu, mpwa pembeni akitajiwa mbuzi kabla hajawaona. Bibi mmoja ninayembebea zabibu kila msimu alikuwa kivulini anapanga makreti. Nikamwamkia shikamoo. Akaniitikia, akanitazama kichwa kama anayetafuta bei, akauliza kama mbegu zote zimo.

Tulipakia makreti machache. Kurudi nilimpa mpwa usukani tulipokaribia mjini, maana ilikuwa inagonga saa kumi na moja jioni na Kizota jua lingenikuta usoni. Ya usiku bado sijashika, taa za malori zinanivuruga. Nimeweka miwani ya jua kwenye droo ya gari, na ngazi ya simtanki sasa ni ya chuma.