Sheria ya Uganda haimaanishi mahakama ya Kampala

Wauzaji wengi wa kahawa huandika kwenye mkataba "sheria ya Uganda itatumika" kisha wanatulia. Sentensi hiyo haisemi kesi itasikilizwa wapi, na hapo ndipo fedha za watu zinapopotelea.

Mnunuzi akiwa Hamburg, Ujerumani, mauzo yanaongozwa na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1980 kuhusu mauzo ya kimataifa ya bidhaa, msipouondoa kwa makubaliano. Uganda inafungwa nao tangu 1 Machi 1993. Ujerumani pia ni mwanachama. Kifungu cha 57 kinataka mnunuzi alipe mahali pa biashara ya muuzaji. Ila malipo yakiwa ya kukabidhiana hati za mzigo, mahali ni pale hati zinapokabidhiwa, labda benki ya Hamburg. Kifungu cha 78 kinakupa riba ya ucheleweshaji bila kutaja kiwango, kwa hiyo kiandikeni wenyewe.

Mkataba huo wa 1980 hauchagui mahakama. Tena, hukumu ya Kampala haikamati mali ya Ujerumani moja kwa moja. Kwa maoni yangu, andikeni usuluhishi, yaani mgogoro uamuliwe na wasuluhishi badala ya mahakama: mji, idadi ya wasuluhishi, lugha. Tuzo yake, yaani uamuzi wa wasuluhishi, hutambuliwa kwa Mkataba wa New York wa 1958, ambao nchi zote mbili zimeukubali.