Korongo lilianzia juu, sisi tukawa tunaliziba chini

Kama una korongo shambani na umeshauriwa ulijaze matawi na takataka, soma kwanza yaliyonipata. Ushauri huo nilipewa na watu zaidi ya kumi, wengine wasomi kabisa. Niliufuata, ukanila msimu mzima wa mvua pamoja na hatua tatu za shamba ambazo hazitarudi nikiwa hai. Leo ndani ya korongo lile kuna majani yaliyonipita kimo, na chini ya majani kuna udongo mpya. Nasema hivi kwa fahari, maana niliambiwa mara nyingi kwamba korongo likishafungua mdomo halifungi.

Marehemu baba alikuwa akinisimulia kwamba utotoni waliliruka wakiwa wanakimbizana. Nilipokabidhiwa shamba nilichukua kamba ya mita 9, nikaifunga jiwe na kulirusha ng'ambo. Jiwe likaangukia ndani. Nikashuka, nikasimama nikiwa nimenyoosha mkono juu, na ukingo bado ulikuwa juu ya vidole vyangu. Ukuta wake ulinionyesha kitu ambacho sijakisahau: udongo mweusi, ule unaolisha mimea, ulikuwa unene wa kiganja tu pale juu, kuanzia hapo kwenda chini ni udongo mwekundu mkavu, kisha changarawe. Mizizi ya mti mmoja mkubwa ilikuwa inaning'inia hewani kama kamba za ndoo. Kiganja kile kimoja ndicho tulichokuwa tunakipoteza kila mwaka, kidogo kidogo, huku tukilaumu mvua.

Basi nikaanza na matawi. Nilikata vichaka, nikajaza magunia udongo, nikatupa kila kilichotupika, mpaka mahali pale pakajaa na kulingana na shamba. Watu walikuja wakanipongeza. Mvua kubwa ya kwanza iliponyesha, maji yalikuta njia imezibwa, yakafanya kile ambacho maji hufanya siku zote: yakatafuta pembeni. Kwa saa mbili tu yaliuzunguka ule mrundikano wangu, yakaula ukingo wa kushoto, na asubuhi nikakuta matawi yangu yako palepale, makavu kwa juu, kama kisiwa, na korongo la pili limechimbika kando yake. Magunia mawili niliyakuta chini kabisa bondeni. Hapo ndipo zilipokwenda zile hatua tatu.

Mwaka uliofuata nikasema tatizo ni wepesi wa kile nilichoweka. Nikajenga ukuta wa mawe na saruji, wa kimo cha kifua, na fundi niliyemlipa aliniapia kwamba hata gari lingeugonga usingetikisika. Kweli haukutikisika. Maji yalijaa nyuma yake, yakamwagika juu kwa kishindo, na pale yalipoangukia yakachimba shimo. Shimo likarudi nyuma chini ya msingi. Baada ya mvua ya nne niliinama, nikaona mwanga upande wa pili: ukuta ulikuwa umening'inia kama daraja, na maji yanapita chini yake bila shida. Fedha iliyokwenda humo sitaki hata kuijumlisha. Niseme tu kwamba kazi yote iliyofuata, ile iliyofaulu, haikufika robo yake. Sehemu kubwa ilikuwa sururu, chepe na mgongo wangu.

Kilichonifungua macho ni picha. Nilipata picha ya anga ya eneo letu iliyopigwa na wapima ramani zamani, kabla sijazaliwa. (Nilijaribu pia picha za setilaiti za Landsat, zilizoanza mwaka 1972, lakini zile za mwanzo nukta moja inachukua karibu mita 80 za ardhi, kwa hiyo mlima unauona, njia ya miguu huioni.) Kwenye ile picha ya anga korongo halipo. Mahali pake pana mstari mweupe mwembamba, umenyooka kutoka kileleni mpaka mtoni. Nilikaa nao jioni nzima kabla sijaelewa. Ilikuwa njia. Watu na ng'ombe walikuwa wanashuka nayo moja kwa moja kufuata maji. Kwato zikasaga nyasi, udongo ukagandamana, maji ya mvua yakapata mfereji uliochongwa tayari. Juu yake, mahali palipokuwa na miti minene kwenye picha, sasa ni mashamba na vichaka vifupi. Kwa hiyo hakuna aliyechimba korongo lile, na sote tumelichimba.

Tangu siku hiyo kila ninapoangalia ardhi naona mikono. Shinyanga, kwa mfano, miti ilifyekwa kwa makusudi enzi za ukoloni ili kuua mbung'o, baadaye pamba ikaongeza kiu ya mashamba, mpaka sehemu kubwa ikabaki wazi. Kisha kuanzia 1986, mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ukawarudisha watu kwenye kitu walichokuwa nacho wenyewe, ngitili, ile desturi ya Wasukuma ya kutenga malisho yapumzike, na miti ikarudi kwenye mamia ya maelfu ya hekta. Mikono ileile iliyofyeka ndiyo iliyorudisha. Wazo hilo ndilo lililonipa nguvu ya kuanza mara ya tatu.

Mara ya tatu sikugusa korongo kabisa. Nilisubiri mvua kubwa, nikavaa koti, nikabeba mzigo wa vigingi na nyundo, nikapanda juu ya shamba wakati inanyesha. Familia yangu ilidhani nimechanganyikiwa. Kila nilipoona maji yanatembea, nilipigilia kigingi. Yalipokutana mawili, vigingi viwili. Nilianzia kwenye mdomo wa korongo nikawa nayafuata kinyume, napanda nayo, mpaka nikafika mahali ambapo hayatembei tena bali yananyeshea tu. Mvua ilipokatika, jua likatoka, nikateremka mita mia kadhaa na kugeuka. Vigingi vyote vilikuwa vimechora mti: matawi membamba juu, shina moja chini, na shina hilo lilikuwa ileile njia ya kwenye picha. Zaidi ya nusu ya maji yaliyokuwa yanaingia korongoni yalitoka kwenye sehemu moja isiyozidi upana wa nyumba. Kama kuna jambo moja ningependa uige, ni hili. Usipime korongo wakati wa kiangazi. Lowa.

Ili kuyakatisha maji pale juu nilihitaji mfereji wa kinga maji unaokwenda karibu usawa, na hapa ndipo fremu A iliponisaidia. Ni nguzo mbili za mita mbili na kidogo zilizofungwa kama herufi A, na ubao katikati, na timazi, yaani uzi wenye jiwe unaoning'inia kutoka kileleni. Unaisimamisha, unatia alama ubaoni pale uzi unapogusa. Unageuza miguu, wa kulia unakaa ulipokuwa wa kushoto, unatia alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndiyo usawa wako. Fremu yangu ya kwanza ilinisumbua kwa sababu upepo ulikuwa unacheza na uzi. Nikabadilisha kijiwe kwa chupa iliyojaa maji, nikawa naanza kazi alfajiri kabla upepo haujaamka, na tatizo likaisha.

Lakini ukichimba usawa kabisa, maji yanasimama, yanajaa, yanapasua tuta mahali palipo dhaifu. Yanahitaji mteremko mdogo mno, ambao jicho haliwezi kuuona. Nilichofanya ni kufunga kipande cha ubao chenye unene wa sentimita moja chini ya mguu wa mbele, ule unaotangulia kule yanakoelekea maji. Miguu yangu ilikuwa na nafasi ya mita mbili. Kwa hiyo kila hatua uzi ulipokaa katikati, ardhi ya mbele ilikuwa chini kwa sentimita moja: nusu mita tu katika mita mia. Mtaalamu mmoja aliyekuja baadaye na mashine yake ya kupimia alinyamaza muda mrefu kisha akaniuliza nimesomea wapi. Nilifurahi, sitaficha. Mfereji nikauelekeza kwenye eneo lenye nyasi nene ambalo hatulimi. Hapo pawe na nyasi kabla ya maji kufika, la sivyo unahamisha korongo tu, na ukilihamishia kwa jirani umetengeneza ugomvi wa kizazi.

Chini ya mfereji nilichimba fanya juu, mtaro wa kina cha magoti ambao udongo wake unautupa upande wa juu. Hapo nilipata tena ushauri mbaya: nikate matuta ya ngazi kabisa, mapana, yapendeze. Nilikuwa tayari nimeshaanza moja nilipoona udongo mwekundu umekuja juu na mweusi umefukiwa, na kipande hicho hakikuzaa kitu. Baadaye nikajua kwamba jambo lilelile liliwakasirisha watu wa Milima ya Uluguru: wakoloni waliwalazimisha kukata ngazi zilizofunua udongo usio na rutuba, na mwaka 1955 ghasia zikazuka mpaka mpango wenyewe ukaachwa. Tofauti na Machakos nchini Kenya, ambako miaka ya 1930 maofisa waliandika kana kwamba ardhi ile inakufa, na miongo iliyofuata watu waliongezeka zaidi ya mara tano huku wakijichimbia fanya juu kwa hiari, kwa sababu ziliwalipa. Fanya juu haikufunulii udongo. Mvua zenyewe huleta udongo hadi kwenye tuta, na ardhi katikati inajilaza polepole. Mimi napanda majani ya malisho juu ya tuta, mizizi ishike.

Baada ya hapo ndipo nikashuka korongoni. Ule ukuta wa saruji nikaubomoa, nikatumia mawe yake. Nilijenga vizuizi tisa vifupi, hakuna kilichozidi kiuno, mawe makavu bila saruji ili maji yapenye na udongo ubaki. Kila kimoja nimekiingiza ndani ya kingo zote mbili karibu nusu mita, maana hapo ndipo maji yalipokuwa yananizunguka. Katikati pako chini kuliko pembeni, kama tandiko la punda, ili maji yapite katikati na si kando. Na mbele yake, kule yanakoangukia, nimetandika mawe mapana yavunje kishindo. Kuhusu umbali, nilitumia kamba na pima maji ya fundi: kilele cha kizuizi cha chini kinakuwa usawa mmoja na unyayo wa kile cha juu yake. Nilijenga kutoka juu kushuka.

Waliniambia pia nipande mikaratusi kingoni. Nilipanda michache, chini yake nyasi hazikustawi na ardhi ikabaki tupu, nikaiondoa. Kilichorudisha kijani kule juu hakikuhitaji mche hata mmoja. Vile vichaka vifupi nilivyokuwa nafyeka kila mwaka vilikuwa visiki vya miti ya zamani, ileile ya kwenye picha, bado hai chini. Dodoma wanaita kisiki hai: unachagua machipukizi mawili matatu yaliyonyooka, unapogoa mengine, unaacha yapande. Mwaustralia mmoja, Tony Rinaudo, aligundua jambo hilohilo nchini Niger mwaka 1983, na huko limeenea kwenye mamilioni ya hekta. Mimi nina visiki mia mbili na kitu. Baadhi sasa vinanipa kivuli.

Lililobaki gumu lilikuwa njia. Kuna waliosema tufukuze mifugo ya watu. Nilikataa. Kule Kondoa mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa kwenye Milima ya Irangi, miaka sita baada ya mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, kuanza, na kweli nyasi zilirudi, lakini familia zilibaki bila maziwa na bila samadi, na hilo si jambo dogo. Nikaenda kwa mzee jirani mwenye ng'ombe wengi.

"Mwanangu," akaniambia, "njia hii walipita babu zetu."

"Ndiyo mzee," nikajibu, "na walipoipita ilikuwa njia."

Akanyamaza. Nikamwomba tupande wote juu, nikamwonyesha vigingi ambavyo nilikuwa sijaving'oa. Alivihesabu kwa fimbo yake kimoja kimoja mpaka chini. Wiki ile ile vijana wake walinisaidia kufungua njia mpya inayokwenda kwa kukingama, inapinda mara nne kabla ya kufika mtoni, na mapindo yote tumeyawekea mawe. Ni ndefu zaidi, na ng'ombe wameizoea kuliko nilivyotarajia.

Nyuma ya kizuizi cha kwanza niliwahi kusimika nondo yenye alama za rangi kila sentimita kumi. Huu ni mwaka wa nne, na alama sita zimefukiwa. Kizuizi cha tatu kimejaa mpaka mdomoni, kwa hiyo kabla ya mvua zijazo nitakiongezea safu moja ya mawe. Cha saba kimebomoka upande wa kulia kwa sababu niliharakisha, sikukiingiza ukingoni vya kutosha. Nimeshakifumua na mawe yako tayari. Na ile mizizi iliyokuwa inaning'inia, wiki iliyopita niliikuta miwili imeshagusa udongo mpya na kujichimbia.